SOMO LA VIKUNDI: Tuujue Udongo Tunaoukanyaga Karagita

Mara hii hatuanzi na mambo ya mikopo wala kitabu cha hesabu. Somo la leo linataka vitu vidogo tu: chupa ya plastiki yenye kifuniko, ile inayoonyesha ndani, maji kidogo, kijiko cha chumvi, mkebe mtupu wa kilo mbili, na konzi mbili za udongo ambazo kila mwanachama ameteka pale anapoishi. Msimamizi asome kwa sauti, pole pole. Akifika pale tumeandika "Simameni", basi somo lisimame, watu watoke nje. Somo hili halisomwi lote kwenye viti.

Tunaanza na kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulikaa na kikundi cha akina mama hapa Karagita. Wengi wao walikuwa vibarua wa maua, mtu na watoto wake katika chumba kimoja cha kupanga, na mahali pa kulima pakiwa si zaidi ya kitanda kimoja kati ya mlango na ua wa jirani. Walitaka mboga. Sisi tulikuwa tumefundishwa bustani za gunia huko juu, kwenye udongo mwekundu, tukaona dawa ni hiyo. Jazeni gunia udongo, tieni samadi, wekeni mawe katikati, pandeni sukuma wiki na spinachi ubavuni. Na kwa vile maji hununuliwa kwa mtungi, tukawaambia: mkishafua nguo, msimwage yale maji ya sabuni, mwagilieni gunia.

Wiki sita mambo yalikuwa mazuri. Wageni waliletwa, picha zikapigwa. Kisha kingo za majani zikaanza kukauka kama zimeunguzwa na moto. Juu ya gunia kukatokea unga mweupe. Udongo ukakauka ukawa kama saruji, na maji ukimwaga yanakaa juu yakitazamana nawe, au yanapitia kwenye yale mawe ya katikati na kutokea chini bila kulowesha kitu. Miche ile ilinunuliwa kwa pesa ya mzunguko wa kikundi. Mama mmoja akatuuliza, bila hasira, "Nyinyi mlisomea udongo upi?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumesomea udongo, lakini si huu. Hatukuwa tumeinama hata siku moja kuutazama.

Majina yake kwanza

Tutazame jinsi tunavyosema. Hapa kwetu Kenya mtu akiona udongo wowote anasema "mchanga". Mtoto amejipaka mchanga, viatu vina mchanga, tunazikwa mchangani. Si vibaya, ni mazoea. Lakini mchanga hasa ni sehemu moja tu ya udongo, ile ya chembe kubwa ambazo vidole vinazihesabu. Kuna chembe za kati, laini kama unga wa ngano. Na kuna chembe ndogo kabisa za mfinyanzi, zinazonata na kushika maji, ndizo mtu hutengenezea chungu. Zikichanganyika vizuri zote tatu, wakulima huita udongo wa tifutifu. Vumbi, matope, udongo, kitu ni kile kile kikiwa na maji mengi, machache au bila maji. Kila kikundi kitaje majina ya udongo katika lugha za nyumbani. Karagita imejaa watu wa makabila mengi waliofuata kazi, na wazee wetu, huko kila mmoja alikotoka, walikuwa na jina la udongo wa kujengea, wa chungu, wa kupaka ukuta, wa viazi, wa mifugo kulamba. Andikeni yote. Mtashangaa jinsi orodha itakavyokuwa ndefu kwa watu wanaosema hawajui udongo.

Simameni: twende kwenye korongo

Kila mtu wa Karagita anayajua makorongo, mitaro ile mirefu ambayo mvua imechimba. Tumeyazoea kama mahali pa kutupa takataka na pa kuogopa usiku. Leo twende mchana, tusimame mbali na ukingo, na tutazame ukuta wa ng'ambo.

Ukuta ule una mistari. Kuna mstari wa kijivu, chini yake wa rangi ya majani makavu, kisha ukanda wa vijiwe vyepesi kama vipande vya mkate mkavu, kisha mstari mweusi mwembamba, kisha kijivu tena. Jua la jioni likiupiga unapendeza kama leso iliyokunjwa kabatini. Wengine wetu tumepita hapo mamia ya mara hatukuona.

Kila mstari ni siku moja, au msimu mmoja, wa zamani sana. Mlima Longonot, ambao kilele chake ni mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, ni mlima wa volkano. Ulipolipuka ulirusha mawe yaliyoyeyuka, na mawe hayo yakapasuka hewani yakawa majivu na vijiwe vyenye matundu. Upepo ukayabeba, yakaanguka tabaka juu ya tabaka. Olkaria na Eburru nazo zilichangia. Moto wa chini haujazimika, ndio unaopasha ule mvuke wa Olkaria ambao umetoa umeme tangu mwaka 1981. Ule mstari mweusi mwembamba mara nyingi ni udongo wa zamani. Mlima ulikuwa umetulia kwa muda, nyasi zikaota, zikaoza, udongo ukaanza kuwa mweusi, halafu mlima ukalipuka tena na kuifunika mbuga nzima. Mistari mingine iliwekwa na maji. Ziwa Naivasha tunalolijua ni mabaki ya ziwa kubwa zaidi. Miaka kama elfu tisa iliyopita maji yalikuwa yamepanda juu sana, hata yakafurika na kutoroka kupitia bonde la Njorowa, pale Hell's Gate. Kwa hiyo anayelipa kodi ya chumba hapa leo yuko kwenye majivu ya mlima na tope la ziwa.

Mkiokota vile vijiwe vyepesi, wekeni kimoja ndani ya maji. Kinaelea. Jiwe linaelea! Ndani yake kuna matundu ya hewa ya ule moshi wa mlima. Na mkibahatika kupata jiwe jeusi linalong'aa kama chupa iliyovunjika, hilo ni mwenzake. Lilitoka kwenye moto ule ule ila likapoa haraka bila kupata hewa. Watu wa kale walilitumia kama kisu. Kule Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna mashoka ya mawe ya watu wa zamani mno, na papo hapo karibu kuna machimbo ya udongo mweupe kama unga wa ugali. Weupe ule si chokaa. Ni magamba ya vimea vidogo vya majini, kila kimoja hakionekani kwa jicho, yaliyolundikana chini ya ziwa la kale. Mtu akishajua hivyo hawezi tena kupita pale akasema ni vumbi tu.

Rangi zina maana. Wekundu wa udongo wa Limuru, hata ule wanaojipaka morani, ni kutu, kutu ya chuma kabisa kama ya bati lako, kwa sababu udongo huo ni wa zamani, mvua imeufua muda mrefu. Weusi na hudhurungi ya Molo, kunakoota viazi, ni majani na mizizi iliyooza kwa karne nyingi mahali pa baridi. Udongo wa sehemu nyingi za Kinangop unasimamisha maji mpaka unapata madoa ya kijivu na ya kutu, maana umekosa hewa. Wetu wa kijivu hafifu unasema: mimi ni kijana, bado nina mali ya mlima ndani yangu, lakini sijala. Maana yake una madini, hasa chumvi za potasi ambazo mimea huzipenda, ila mboji ni kidogo sana.

Chupa inasema nini

Rudini sasa kwenye viti. Jazeni chupa theluthi moja kwa udongo uliopondwa, ongezeni maji mpaka karibu na shingo, na kijiko cha chumvi. Fungeni, tikiseni mpaka mkono uchoke, kisha wekeni chupa mezani, mtu asiiguse.

Katika dakika ya kwanza mchanga unatua chini. Chembe za kati zinachukua saa moja au mbili. Mfinyanzi ndio wa mwisho, maji yanaweza kubaki na ukungu mpaka kesho. Wekeni alama na kalamu. Kwa udongo wa Karagita mtaona jambo ambalo vitabu vingi vya kilimo havilisemi, kwa sababu viliandikwa kwa udongo wa kwingine: kuna sehemu inayoelea juu. Msidhani yote ni uchafu. Chukueni kidogo, finyeni kati ya kucha mbili. Kikivunjika kwa mlio wa kukwaruza, ni vijiwe vya mlima. Kikiwa laini au cha nyuzi, ni jani au mzizi. Pia mtaona kwamba mstari wa mfinyanzi ni mwembamba, na wa zile chembe za kati ni mnene.

Njia nyingine haihitaji hata chupa. Loweka udongo kidogo, ufinyange kama unga wa chapati, uviringishe uwe kamba. Ukifika unene wa kidole kidogo ukikatika katika, mfinyanzi ni haba. Udongo wa mfinyanzi unaweza kuufanya pete.

Sasa mkebe. Toeni vifuniko vyote viwili, juu na chini, ubaki kama bomba. Ukandamizeni kwenye ardhi vidole viwili kwenda chini, mimineni lita moja ya maji, na mwenye saa aangalie. Fanyeni hivyo mara tatu: katikati ya ploti ambapo watu hupita, kwenye bustani kama ipo, na chini ya mgunga au mti wowote mkubwa ambao majani yake hayafagiliwi. Hatutawaambia mtapata dakika ngapi, maana kila mahali ni tofauti. Lakini kikundi tulichofanya nacho kilisimama kwenye ploti mpaka watu wakaanza kuzungumza habari nyingine, maji bado yapo. Chini ya mti, yalikwisha kabla mwenye saa hajakaa vizuri. Udongo ni ule ule, mlima ni ule ule. Mti ulikuwa umeufanyia kazi.

Kwa nini gunia lilikufa

Hapa ndipo tulipoelewa kosa letu.

Chembe za kati, zile zinazojaa hapa, zina tabia moja. Tone la mvua likizipiga zikiwa wazi, zinaruka na kuziba vitundu vya udongo. Juu kunakuwa na ngozi nyembamba. Jua likiipiga, ngozi ile inakuwa ngumu, na mvua inayofuata haiingii, inateleza kwenda kutafuta korongo. Huo ni ugonjwa wa kwanza, na tungeuzuia kwa nyasi kavu juu ya gunia.

Ugonjwa wa pili tuliuleta sisi. Sabuni ya unga ina chumvi za jamii ya magadi. Maji ya visima vingi vya bonde hili yenyewe tayari yana magadi, kwa sababu yamepita kwenye mawe ya volkano. Tukaongeza magadi juu ya magadi, kila Jumamosi. Udongo mzuri chembe zake hushikana vikundi vikundi, kama sisi tunavyosema umoja ni nguvu, na kati ya vikundi hivyo hewa na maji hupita. Magadi yakizidi, vikundi vinavunjika, kila chembe inakaa peke yake, zinajipanga na kuziba kila mwanya. Maji yakikauka, chumvi inapanda juu na kubaki: ule unga mweupe. Mzizi nao unazungukwa na chumvi unashindwa kunywa maji yaliyo mbele yake. Ndiyo maana majani yaliungua wakati gunia lina unyevu.

Wale waliobaki katika kikundi walianza upya, na safari hii wao ndio waliotufundisha. Walichanganya madebe mawili ya udongo na debe moja la samadi iliyooza vizuri, iliyonunuliwa kutoka boma za mifugo na kuachwa ipigwe na mvua kwanza, maana samadi ya boma kavu nayo ina chumvi yake. Katikati ya gunia, badala ya kokoto za barabarani, waliweka vile vijiwe vyepesi vya korongo vilivyooshwa. Sisi tuliwauliza kwa nini, wakacheka. Wanafanya kazi kwenye mashamba ya maua, wameona waridi likioteshwa ndani ya vijiwe hivyo hivyo kwa sababu matundu yake yanashika maji na hewa pamoja. Elimu ilikuwa ndani ya kikundi siku zote, ni sisi ambao hatukuuliza. Maji ya kufulia sasa wanayamwaga njiani kutuliza vumbi. Ya kusuuzia mara ya mwisho ndiyo yanaenda kwenye gunia, na hata hayo si kila siku. Mvua ndefu zikija wanayafungua magunia juu ili maji ya mbinguni yasukume chumvi chini.

Si wote waliofika hapo. Baadhi walikuwa wamehama kutafuta kazi, na pesa ya miche ya kwanza ilipotea. Hatukuirudisha. Tunalisema hapa kwa sababu mfanyakazi wa jamii anaondoka na pikipiki yake akiwa amekosea, na hasara inabaki na mama.

Neno moja kuhusu mabua na majani ya maua yanayotoka mashambani. Watu hutuuliza kama yanafaa kwa mboji ya mboga. Maua hayo hupigwa dawa nyingi, na si dawa zote huisha yakioza. Ushauri wetu ni kuyaacha. Kuna majani ya migunga, maganda ya jikoni, majivu kidogo sana ya kuni (kidogo, maana yana chumvi pia), na nyasi za kando ya njia. Hivyo vinatosha.

Wasioonekana

Mvua ya kwanza ikigusa vumbi, kuna harufu ambayo kila mtu anaijua, hata mtoto wa mjini. Harufu ile inatengenezwa na vijidudu vya udongo. Walikuwa wakingoja humo ndani kiangazi kizima. Wataalamu wanasema kijiko kimoja cha chai cha udongo wenye afya kinaweza kuwa na vijidudu milioni elfu moja. Wengi hawatudhuru, wao kazi yao ni kula majani makavu na kuacha chakula cha mimea, na utelezi wao ndio gundi inayoshikanisha zile chembe tulizosema. Nyungunyungu naye anapitisha udongo tumboni mwake na kuacha njia za maji nyuma yake. Chimbeni shimo la urefu na upana wa kiganja na vidole, chini ya mti na katikati ya ploti, mhesabu nyungunyungu. Msipopata hata mmoja kwenye ploti msikate tamaa. Wekeni mboji na unyevu, mrudi baada ya mvua mbili.

Hii ndiyo maana tunawahimiza kuweka mboji kuliko kukimbilia mbolea ya dukani peke yake. Mbolea ya dukani inalisha mmea. Mboji inalisha mmea, inalisha vijidudu, na inafunga chembe. Kwa udongo kama wetu, ambao madini unayo ila hauna gundi, gundi ndiyo haja kubwa. Mwenye shamba hasa, si gunia, apeleke udongo ukapimwe kabla ya kununua gunia la mbolea. Mateka yachukuliwe sehemu kumi hivi za shamba, kina cha sentimita 20, yachanganywe kwenye karai safi, nusu kilo ipelekwe. Afisa wa kilimo wa kata ataonyesha njia, na maabara ya KALRO kule Kabete imekuwa ikipima udongo wa nchi hii miaka mingi.

Korongo, choo, na ukuta usio na mfupa

Uzuri wa ukuta wa korongo usitufanye tusahau kwamba unaua. Udongo wa majivu ukiwa mkavu unasimama wima kama nyumba, mtu anauamini. Ukilowa, unaanguka bila kutoa sauti. Tumeshafika msibani kwa sababu ya ukuta kama huo, na hatutaki kufika tena. Watoto wasichimbe mapango humo. Vijana wanaochimba mchanga wa kuuza wasichimbe chini na kuacha juu kukining'inia.

Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mrefu ulifunguka karibu na Suswa na kukata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Watu walisema Afrika inapasuka vipande viwili. Wataalamu wa miamba wengi walieleza kwamba nyufa za zamani zilikuwa zimejaa majivu ya volkano kama haya haya, na maji yaliyapitia chini chini yakayaosha, mpaka paa likaanguka. Bonde lenyewe linatanuka kweli, lakini kwa mwendo wa polepole kuliko hata kucha kuota, si wa usiku mmoja. Na tarehe 29 Aprili 2024, pale pale Mai Mahiu, maji yaliyofungiwa nyuma ya tuta la reli yalipasua usiku, yakashuka na matope na mawe, na makumi ya watu wakafa. Tunayataja haya kwa sababu mlima uliovuliwa miti na udongo usiomeza maji ni nusu ya kila habari ya namna hii.

Kwenu vikundi, mambo yanayowezekana ni haya. Maji ya paa yasiachwe kuanguka peke yake ardhini. Yateke kwenye pipa, na yanayobaki yaongozwe kwa mtaro wenye mawe. Kichwa cha korongo, pale linapokula ploti, kisijazwe takataka kwani maji huzunguka na kuchimba kando. Kipandwe nyasi na mkonge, na juu yake mkate mtaro mdogo wa kupindisha maji. Fanyeni wakati korongo bado dogo. Wazee walisema udongo uwahi ungali maji.

Choo cha shimo ni habari nyingine ya huzuni. Shimo lililochimbwa kwenye majivu halina mfupa. Mkichimba, jengeni ukuta wa mawe au matofali kadiri mnavyoshuka, si baadaye. Mtu asishuke shimoni peke yake, na kuwe na wawili juu wenye kamba. Lisiwe karibu na ukingo wa korongo wala na kisima. Vile vijiwe vyepesi ambavyo tumevisifu kwa spinachi vinapitisha maji machafu upesi kuelekea chini.

Maana udongo hauishii shambani, unaingia mwilini. Meno ya hudhurungi ya watoto wengi wa Bonde la Ufa si uchafu wala ukosefu wa mswaki. Ni madini ya floraidi kutoka mawe yale yale ya volkano, yaliyoyeyuka kwenye maji ya visima. Tangu 1998 Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza kazi ya kuyachuja kwa makaa ya mifupa, na mbinu hiyo imesaidia. Na akina mama wajawazito wanaonunua vile vijiwe vya kula sokoni, hatuwacheki. Mara nyingi hamu ile huandamana na upungufu wa damu, na ndani ya kijiwe mnaweza kuwa na mayai ya minyoo. Mpelekeni mwenzenu kliniki akapimwe damu.

Maswali ya kujadili

Jumatano ya Majivu padre anatupaka majivu kwenye paji la uso, na hatushangai. Jina Adamu lenyewe linatoka katika neno la Kiebrania la udongo. Msomeni Mwanzo sura ya pili, kisha kila mmoja aseme kama alipokuwa mtoto alifundishwa kuuona udongo kama uchafu au kama ndugu, na nani alimfundisha. Halafu tujiulize jambo gumu zaidi: mtu anayepanga chumba, ambaye mwenye ploti anaweza kumwambia ahame mwisho wa mwezi, kwa nini ajisumbue kuweka mboji kwenye ardhi isiyo yake? Msijibu haraka kwa maneno ya kanisani. Kuna vikundi vimekubaliana na mwenye ploti kwa maandishi kwamba bustani isiguswe mpaka mboga zivunwe. Wengine wameamua kulima kwenye magunia na makarai tu, ili mtu akihama aondoke na udongo wake begani. Nyinyi mngefanya lipi?

Chupa zenu msizimwage. Ziacheni mpaka mkutano ujao, mfinyanzi ukishatua, mziandike majina ya mitaa ya Karagita zilikotoka na kuzipanga kwenye dirisha la ukumbi wa kanisa, za korongo upande mmoja na za chini ya miti upande mwingine. Wenye watoto wa shule waje nao, na kila mtoto alete konzi moja ya rangi ambayo hamjaipata bado. Udongo uliochujwa kwa kitambaa na kukorogwa na maji ya uji unapaka vizuri kwenye karatasi, na kwa kijivu, hudhurungi, cheupe na kile chekundu cha njia ya juu, mlima Longonot unachoreka wote.